Watawa wa Ghala la Tatu

Sofia,
Jumamosi, 14 Novemba 1998

Mpendwa Baba,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe pamoja na Mama. Ninakuandikia kwa sababu moja, nami nimeona ni adabu kuitaja kabla ya mengine yote: kiwanda chetu cha mablanketi kitauzwa wiki ijayo, na ile orodha ya mashine uliyoitia sahihi mwezi wa Septemba ndiyo itakayokifunga. Najua wewe unaamini kwamba orodha ile imekiokoa. Najua mji mzima wa Vlahodol unaamini hivyo. Ningepiga simu, lakini laini ya hapo nyumbani mnachangia na jirani yenu Bi Zlatka, na Bi Zlatka akiinua simu kwa bahati mbaya huirudisha baada ya nusu saa. Kwa hiyo nimemkabidhi dereva wa basi barua hii, kwa sharti kwamba aitie mkononi mwako wewe mwenyewe na si mwa mtu mwingine.

Ni matumaini yangu kwamba mgongo wako umepata nafuu tangu baridi ilipoanza, na kwamba Mama anameza dawa zake za shinikizo la damu kila asubuhi, si siku zile tu anapoumwa kichwa. Je, pipa la kabichi ya chumvi limeshafunikwa? Mwaka jana mlichelewa, ikawa tunakula kabichi laini kama sabuni mpaka Pasaka. Mimi mwili ni mzima. Chumba changu hupata joto siku tatu kwa wiki. Siku nyingine ninaandika nikiwa nimevaa glavu nilizozikata vidole, kama wauza njugu za kuchoma wa barabarani.

Ninayo pia habari ambayo kwa miaka mingi nilitamani kukupa. Tangu tarehe mosi ya mwezi huu mimi si karani msaidizi tena. Nimepandishwa kuwa mthamini wa daraja la pili, kijana kuliko wote waliowahi kupewa cheo hicho katika ofisi yetu, na Januari nimepangiwa kwenda Vienna kwa mafunzo ya miezi sita. Sentensi hiyo nilikuwa nimeitunga kichwani tangu siku nilipovaa joho la chuo. Nilidhani nitakapoiandika nitaipigia mstari chini kwa furaha. Sikuipigia.

Naomba sasa uniruhusu nikusimulie ile siku ya Septemba kama nilivyoiona mimi, kutoka upande wangu wa meza. Mengi unayajua kwa sababu uliyatenda wewe. Lakini uliyaona ukiwa umekaa upande wa pili, na tofauti ya viti vile viwili ndiyo iliyotufikisha hapa.

Kama ujuavyo, serikali huikodi ofisi yetu ihesabu na kuthamini viwanda kabla havijauzwa. Mwezi wa Agosti mkuu wangu wa kazi, Bi Ognyana Rashkova, aliniita akaniuliza kama ni kweli kwamba mimi ni mtoto wa Vlahodol na kwamba fundi mkuu wa kiwanda cha mablanketi ni baba yangu mzazi. Nilikiri, nikidhani nitaondolewa katika kazi ile kwa ajili ya undugu. Akacheka. Akasema katika mji wa watu elfu tatu kila mtu ni binamu wa mwenzake, na ni heri kwenda na mtu ambaye wenyeji watamvutia kiti.

Wewe ulimtambua mara tu aliposhuka garini, mkaguzi wenu wa zamani kutoka wizarani, ingawa nywele zake zimebadilika rangi. Ulimfungulia mikono pale getini ukamwambia, Ndugu Mkaguzi, sisi tulidhani wamekuzika pamoja na wizara! Naye akakujibu palepale kwamba walimzika kweli, Fundi Spas, ila udongo haukutosha. Mkacheka mpaka walinzi nao wakacheka. Kisha ukajikumbuka ukamwita Bibi, na siku nzima ile ulimi wako ukawa unateleza kutoka Bibi kwenda Ndugu na kutoka Ndugu kwenda Bibi, kama mtu anayetembea juu ya barafu akiwa amevaa viatu vya harusi.

Nilipoingia ukumbi wa kufumia nilidhani nimekosea mji. Nusu ya balbu zilikuwa zimetolewa. Sakafu, ambayo kwa miaka yote niliyokuletea chakula cha mchana ulikuwa unaikagua kwa leso nyeupe, ilikuwa imemwagiwa mafuta machafu na majivu. Boila la pili lilikuwa limezimwa, wanawake wanatetemeka, na kila mmoja alikuwa amevaa aproni aliyoitoa chini ya vitambaa vya kupigia deki. Shangazi Penka alikuwa anakohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho siku mbili kabla nilipoongea naye kwa simu. Nilipompita bila kusimama, kwa kuwa nilikuwa kazini, aliniita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: We Luben, usinipite kama gari la maiti, bado sijafa! Nipe wiki mbili!

Bi Ognyana akamuuliza kwa upole mashine yake imesimama tangu lini. Shangazi akajifuta jicho kwa pindo la aproni akasema imesimama tangu enzi za marehemu mume wake. Marehemu alikuwa amesimama nyuma yake ameshika ufagio, akaitikia kwa kichwa, kwa huzuni kubwa. Mimi niliandika kwenye daftari langu: mashine namba kumi na saba, haifanyi kazi.

Na mezani, Baba! Kondoo mzima, pai tatu za banitsa zilizojaa jibini zikitoa moshi, na rakia, ile pombe kali ya plamu ambayo huifungui hata siku ya mtakatifu wa jina lako. Mliwapokea wathamini wa mwaka 1998 kama mlivyowapokea wakaguzi wa mwaka 1978, kwa sahani zilezile, kwa nyimbo zilezile, na kwenye buti ya gari mkatutilia mablanketi sita bila kuuliza. Ulisimama ukasoma orodha. Mashine za kufumia arobaini. Zinazofanya kazi tisa. Boila mbili, linalofanya kazi moja. Ghala la kwanza, zima. Ghala la pili, linavuja. Ghala la tatu, tupu, dari bovu, halitumiki.

Ghala la tatu, tupu. Nilikuwa na miaka minane uliponiingiza humo kwa mara ya kwanza, mwezi wa Desemba, ukasogeza lile kabati la mapipa ya rangi, ukanionyesha mlango usiopitisha mtu mnene. Ndani ya ukuta wa pili walikuwa Watawa kumi na wawili, mashine mpya za Kijerumani mlizoziagiza kipande kimoja kimoja kwa miaka sita, kila kipande kikiandikwa kipuri, mkaziunga humo ndani kwa mikono yenu. Mliziita Watawa kwa kuwa zilikaa nyuma ya ukuta na hakuna mwanamume wa wizara aliyewahi kuziona. Mwaka mzima zilinyamaza. Desemba, mpango wa mwaka wa serikali ukikaribia kukwama, wanawake wakapangiwa zamu za kwenda kusali, na usiku wa mwaka mpya mpango ukatimia kwa asilimia mia moja na moja. Si mia na mbili. Ulinifundisha hesabu hiyo kabla mwalimu hajanifundisha kugawanya: ukivuka kwa moja unapewa bendera, ukivuka kwa kumi, mwakani wanakupandishia kumi. Nilikuona siku ile kuwa mtu mwenye akili kuliko wote nchini. Hata leo sijaacha kukuona hivyo.

Baada ya orodha tulienda kunawa. Ulinikuta kwenye karai la kunawia, ukanishika bega kwa mkono wenye povu la sabuni, ukaninong'oneza hoja yako yote kwa sentensi ambazo ninaweza kuzirudia neno kwa neno. Ulisema: Mwenye mali mpya ni wizara mpya tu, mwanangu, amebadilisha tai. Akijua tunaweza mia, atataka mia na ishirini. Sisi tumwambie thelathini, tumpe arobaini, atushangilie. Wale Watawa watatulisha Desemba hata Desemba ya wajukuu zako. Nikakujibu kwa lugha yangu ya ofisini kwamba mazingira ya kiuchumi yamebadilika kimsingi. Ukacheka, ukasema ninaongea kama gazeti la chama, ila chama ndicho hakipo.

Tuliporudi mezani, Bi Ognyana aliweka kalamu chini akaniuliza mbele ya wote. Aliniambia: Luben, wewe ni mtoto wa hapa, umekulia ndani ya ukumbi huu. Orodha hii imekamilika? Karani mwenzangu alikuwa anaandika kumbukumbu za kikao. Shangazi Penka aliacha kukohoa. Nikasema: Imekamilika. Wewe uliinamisha macho ndani ya glasi yako ili wageni wasione unavyotabasamu, na tulipoagana uliniambia kwamba hata kope sikupepesa, kwamba sasa nimekuwa mtu mzima.

Tangu siku hiyo basi la Vlahodol halijafika Sofia bila kifurushi changu. Wafumaji wamenitumia chupa za pilipili za kuoka, asali, soksi, soseji kavu, na blanketi lenye jina langu lililofumwa pembeni. Mmoja aliandika kikaratasi: Kwa Luben wetu aliyejua kunyamaza. Chupa hizo zimejaa dirishani mpaka mwanga wa mchana unaingia chumbani ukiwa mwekundu. Sijafungua hata moja. Wenzangu ofisini wananiuliza kama ninafungua duka.

Baba, sasa nikueleze orodha yako ilivyofanya kazi ilipofika huku. Nisamehe nikiwa mkavu kidogo. Nikiacha kuwa mkavu sitaweza kumaliza.

Mnunuzi si wizara. Hana mpango wa mwaka wala bendera. Ni mtu aliyekuwa katibu wa vijana wa wilaya, ambaye sasa anaingiza mablanketi ya nailoni kutoka ng'ambo kwa malori, na anachokitaka Vlahodol ni uwanja ulio kando ya reli na jina letu la kushona kwenye nailoni yake. Mkataba unamlazimisha jambo moja tu kuhusu watu, nalo limo katika kifungu cha kumi na nne: kwa kila mashine iliyoandikwa kwamba inafanya kazi, atabakiza wafanyakazi watano kwa miaka mitatu. Watano kwa kila mashine. Wewe uliandika mashine tisa. Watu arobaini na watano, Baba, na ninyi mko mia mbili na kumi na nne. Laiti ungeandika zile thelathini zinazofanya kazi ukumbini, ukaongeza Watawa kumi na wawili, asingeweza kumwondoa mtu isipokuwa wale wanaokaribia kustaafu.

Kulikuwa na mnunuzi wa pili. Ni mama mmoja wa Plovdiv, mfumaji kwa asili, aliyetaka kiwanda kwa ajili ya kufuma. Alikuja ofisini kwetu Oktoba, akasoma orodha akiwa amesimama, akaniuliza mimi, kwa kuwa niliyekuwa zamu ni mimi, kama ni kweli kwamba baada ya miaka yote ile mji mzima umebakiwa na mashine tisa. Nikamwambia orodha ndiyo hiyo. Akafunga mkoba wake akasema amesikitika, maana mablanketi ya Vlahodol ndiyo aliyopewa alipoolewa. Jina lake likafutwa.

Ghala la tatu, kwa kuwa limeandikwa bovu na tupu, litabomolewa kwanza. Vyuma vitakavyokutwa ndani vitauzwa kwa kilo.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Bi Ognyana. Nilimwambia, kwa maneno niliyoyapima sana, kwamba huenda kuna mitambo iliyosahauliwa katika orodha. Alinimiminia kahawa kwa mkono wake. Akasema sahihi iliyo chini ya orodha si yake wala si ya ofisi, ni ya Fundi Spas Kalchev. Na sauti iliyo katika kumbukumbu za kikao ikithibitisha kwamba imekamilika si yake pia, ni ya Luben Kalchev. Halafu akaniuliza kama nimeshanunua koti la kuvaa Vienna, kwa sababu kule upepo hupita kwenye mifupa.

Nimekuwa kama panya aliyeingia mtungini kufuata jibini. Nikisema, nakupeleka wewe mbele ya sheria. Nikinyamaza, nawapeleka watu mia na sabini nyumbani, na wewe ukiwa mbele yao kwa kuwa fundi mkuu hahesabiwi katika watano wa mashine yoyote. Kila asubuhi ninapita mbele ya kabati lenye faili la Vlahodol nikienda mezani kwangu, na kila asubuhi Bi Ognyana ananisalimia kwa furaha zaidi ya jana.

Mpaka hapa, Baba, nimeandika kama mtu aliyenaswa na ujanja wa wengine. Nimeisoma barua upya nikaona kwamba ningeweza kuitia sahihi hapahapa, nawe ungenihurumia. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi yangu sijayataja.

Nilijua. Sikuanza kujua Oktoba, wala siku ile alipokuja mama wa Plovdiv. Nilijua kabla gari letu halijaingia Vlahodol. Kifungu cha kumi na nne nilikichapa mimi, mwezi wa Agosti, kwa vidole hivi. Na siku ya safari Bi Ognyana alisimamisha gari juu ya kilima, pale wanawake wa kiwanda walipokuwa wanapanga mablanketi ya kuuza kando ya barabara, majira yale ya baridi mlipolipwa mablanketi badala ya mishahara, akanitabiria kila kitu. Aliniambia: Utaona wametoa balbu. Utaona wamemwaga mafuta. Atakuwepo mwanamke anayekohoa. Hawa watu wanajua kudanganya kwenda chini tu, Luben, hawajui kudanganya kwenda juu. Nimekula kondoo wao miaka kumi, najua. Wewe usiwaguse. Waache wajihesabu wenyewe.

Kisha akanisimulia kwamba mwaka 1982, akiwa anakula ofisini kwako, alisikia kishindo kikidunda nyuma ya ukuta, akakuuliza ni nini, nawe ukamjibu: Ni moyo wangu, Ndugu Mkaguzi, kila nikikuona. Alisema alicheka wiki nzima. Na alisema hakuandika, kwa sababu wakati ule kila mtu alikuwa anaficha kitu na nchi ilikuwa inasimama juu ya vitu vilivyofichwa. Halafu akanigeukia akaniuliza: Huko nyuma kuna nini?

Nikamwambia sijui. Nilisema hivyo kabla sijaonja rakia yako, kabla hujanishika bega. Akasema vizuri, basi nitakuuliza tena mezani mbele ya watu, na ukijibu hivyohivyo nitajua kwamba nimepata mtu wa kumpeleka Vienna.

Ndiyo maana kope sikupepesa. Wewe uliona mwana anayelinda siri ya baba yake. Aliyekuwa amekaa pale alikuwa karani anayefanya mtihani wa kupandishwa cheo, naye alijua jibu kwa kuwa aliambiwa njiani. Pale kwenye karai la kunawia, uliponieleza hoja yako, neno moja lingetosha. Ningekuambia: andika zote, Baba, safari hii wakubwa wanahesabu kinyume. Ungenishangaa, ungenitukana kidogo, kisha ungekwenda ukaandika, kwa kuwa uliniamini mimi kuliko ulivyowahi kuiamini wizara. Badala yake nikakuambia mazingira ya kiuchumi. Nilichagua maneno ambayo nilijua hutayaelewa, ili baadaye niweze kujiambia kwamba nilikuonya.

Nimetafuta kwa miezi miwili njia ya kulirekebisha jambo hili ambayo haitapita juu ya mgongo wako. Haipo. Iliyopo ni moja, nayo imo katika kanuni za mnada, kifungu cha ishirini na mbili: orodha inaweza kurekebishwa na yule tu aliyeitia sahihi, akifika yeye mwenyewe katika ofisi ya mnada kabla mkataba haujatiwa sahihi. Mauzo husimama siku sitini, na kila aliyewahi kuulizia kiwanda huarifiwa upya, akiwemo mama wa Plovdiv. Mkataba utatiwa sahihi Jumatano hii, saa sita mchana.

Sitakuficha bei yake. Itakubidi uandike kwa mkono wako kwamba orodha ya kwanza ilikuwa ya uongo na kwamba ulijua hivyo ulipoisaini. Sheria inaliita hilo kosa. Sijui mwendesha mashtaka atataka kufanya nini na mzee wa miaka sitini na moja. Nimemuuliza wakili mmoja kwa jina la kubuni, akasema inategemea nani anampigia nani simu. Na hata ukifanya hivyo, huenda mama wa Plovdiv ameshanunua kwingine, na baada ya siku sitini tukarudi palepale kwa katibu wa vijana, ila safari hii akiwa na hasira na mashine arobaini na mbili za kulipia watu. Hicho tu ndicho ninachoweza kukuahidi kwa hakika: kwamba kifungu cha kumi na nne kitahesabu mashine arobaini na mbili.

Kwa upande wangu nimeandika maelezo ya kurasa mbili kwamba nilijua, tangu lini, na nani mwingine alijua. Nitayaambatisha na ya kwako, nawe utayasoma kwanza. Ukiona kuna mahali nimejipaka asali, ukate kwa kalamu. Baada ya hapo sina cheo wala safari, na sijui kama nitakuwa na chumba. Hilo lisikusumbue katika kuamua kwako. Nimelisema kwa kuwa nimechoka kupanga habari kwa mpangilio unaonifaa.

Usipokuja, sitakulaumu hata kidogo, na naomba uliamini hilo. Miaka thelathini na mitano ulidanganya ili watu wako wale. Kukuomba leo ukiri kama mwizi ni jambo ambalo mimi ndiye wa mwisho mwenye haki ya kuliomba. Lakini ninaliomba. Wale mia mbili na kumi na nne wanakutazama wewe, na wewe ulikuwa unanitazama mimi.

Mpe Mama salamu zangu, umwambie ninakula vizuri. Utakavyomweleza safari hii ni juu yako. Shangazi Penka usimweleze chochote, mpe tu salamu, na umbusu. Majirani wote wasalimie, na Bi Zlatka pia, kwa kuwa kwa vyovyote atasikia.

Leta orodha ya kweli, yenye namba za Watawa wote kumi na wawili kama zilivyochongwa kwenye miguu yao, pamoja na kitambulisho chako na miwani ya kusomea. Treni ya alfajiri huingia Sofia kabla ofisi ya mnada haijafunguliwa. Nitakuwa nimesimama jukwaa la tatu, siku ya Jumatano, tarehe kumi na nane, saa mbili na robo asubuhi.

Mwanao,
Luben